Manowari Tusiyotaka Iishe

Mama yangu aliishi ndani ya nyumba ya mume wangu tangu mvua za mwaka mmoja zilipokatika mpaka za mwaka uliofuata zilipoanza kutishia, na karibu muda wote huo wale watu wawili hawakutazamana usoni. Si kwamba walikuwa wamegombana. Walikuwa wanaheshimiana, na heshima yao ilinimaliza mimi.

Mume wangu ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Mwamkulu, karibu na Mpanda, na ng'ombe wao, wakalima mpunga, wakabaki huko huko. Kwao mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humpi mkono, huli naye, hukai alipotoka kukaa, na ukikutana naye njiani unapisha mpaka kwenye majani. Kwetu sisi watu wa Karema, huku mwambao wa ziwa, mambo si magumu kiasi hicho, lakini mama yangu alikuwa na heshima zake na hakutaka mtu aje kusema kwamba amemzoea mkwe. Siku ya harusi yangu alimwona kwa mbali, amejitanda kitenge mpaka machoni, na tangu hapo ikawa basi. Salamu zikawa zinapitia kwangu. Zawadi zilipitia kwangu. Hata baba alipofariki, mume wangu alisimama nje ya ukuta wa nyumba yetu, mama yuko ndani, na pole ikapitia kwangu.

Halafu miguu ya mama ikavimba. Tukamleta mjini, daktari akasema moyo umechoka, atahitaji vidonge kila siku na kuonekana hospitali kila mwezi. Kutoka Karema hadi Mpanda ni safari ya kupigwa vumbi na mashimo, na masika gari linaweza kulala njiani. Nikasema hapana, mama atakaa kwangu Makanyagio, huku huku mjini. Mume wangu hakupinga hata kidogo. Aliniambia mama yangu ni mama yake, kisha akaanza kutafuta mahali pa kujificha.

Maana nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule, na choo kimoja uani. Jamani, nilikiona cha moto. Mume wangu akirudi kutoka dukani alianza kukohoa tangu nyumba ya jirani, ili mama asikie. Mama akisikia kikohozi anakusanya kitenge chake, anaingia chumbani, anashusha pazia. Majirani walidhani mume wangu ana ugonjwa wa kifua. Mmoja aliniletea asali. Na vile vidonge vya mama vilikuwa vya kupunguza maji mwilini, kwa hiyo kila baada ya muda alitaka kwenda chooni, lakini mkwe akiwepo nyumbani haendi, anabana. Ikabidi niwe namtuma mume wangu arudi Majengo kuangalia kama duka amelifunga vizuri. Alijua, anaenda tu, maskini.

Na kila Jumapili tukitoka kanisani mama aliniambia kwamba wiki hii anaondoka. Mfuko wake wa nguo ulikuwa umefungwa tayari. Aliniuliza nilimwona wapi mama wa mtu anakaa kwa mkwe, anakula cha mkwe, analala kitanda cha mkwe. Mimi nilikuwa namjibu kwa ukali, maana nilikuwa naogopa. Kule Karema angekuwa peke yake. Nani angemkumbusha vidonge? Nani angeona miguu ikianza tena? Nilijua kabisa kwamba akirudi nitaitwa kwenda kuzika. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu kila siku, asubuhi na jioni, nikiwa nashona na nikiwa napika: mama abaki.

Sasa mume wangu naye alikuwa na ugonjwa wake.

Ana duka dogo la vifaa vya ujenzi Majengo, la misumari, bawaba, rangi, na saruji ya mfuko na ya kupima. Biashara ikilala, simu iko mkononi. Kwenye hiyo simu alimwona mtu wa nchi za mbali anatengeneza manowari kwa karatasi tupu, na kila kitu kipo, mpaka minyororo ya nanga. Mume wangu akapagawa. Akatafuta akapata mchoro wa ile meli kongwe ya ziwa letu, ambayo Wajerumani waliileta vitani ikiwa manowari, wakaizamisha wenyewe, ikaja kuibuliwa na kutubeba sisi na mizigo yetu miaka na miaka mpaka ikachoka. Msukuma asiyejua kuogelea, ziwa kaliona alipokuja kujitambulisha kwetu, leo anataka kuunda meli. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mchoro aliuchapisha steshenari, vipande vipande, akaviunganisha. Hesabu yake ilikuwa kwamba mita moja ya meli ya kweli ni sentimita moja ya mezani, kwa hiyo meli yake ilitoka begani kwangu mpaka kwenye ncha za vidole. Karatasi ilikuwa ya mifuko ya saruji. Wengi hawajui kwamba mfuko wa saruji una tabaka. La nje limechafuka, lakini la ndani ni safi, gumu, na halichaniki ovyo. Alikuwa anaupiga mfuko uani mpaka vumbi linaisha, anaulowesha, anaunyoosha chini ya bati na matofali, unakauka bapa. Gundi ni uji wa muhogo. Vyuma vya kushikilia pembeni mwa sitaha ni karatasi iliyosokotwa kwenye sindano yangu. Misumari ya ubavuni, ile inayoonekana kama vipele kwenye bati la meli, aliitokeza kwa kuchoma karatasi kwa nyuma, tena kwa sindano yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Vibaraza vya Makanyagio vina mafundi wengi, na ukimuuliza fundi yeyote kitu gani kinaweza kuvunja ndoa, atakwambia mkasi. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Ukikata karatasi mara moja tu, unakuwa butu, unatafuna kitenge cha mteja. Siku niliyokuta mkasi wangu umelala juu ya mfuko wa saruji, nilichukia kweli kweli. Nilimwambia achague, meli au mke. Akaenda kuninunulia mkasi mpya, ule wa zamani akabaki nao. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, alishinda.

Mama alihamia kwetu ubavu wa meli ukiwa umeanza kusimama. Siku za kwanza alipita pale mezani bila kugeuza shingo, maana ni kitu cha mkwe. Halafu mende wakaila sitaha yote. Uji wa muhogo ni chakula, mende hawajui kwamba ni meli. Mume wangu aliona asubuhi, akakaa kwenye kochi akiwa ameshika tama kama aliyefiwa. Mama alimsikia anavyoguna kutoka nyuma ya pazia. Alipoondoka kwenda dukani, mama akaniita akaniambia nimwambie huyo bwana achemshe tumbaku, na maji yake ndiyo akorogee uji. Kwao walikuwa wanaweka tumbaku kwenye masanduku ya nguo na mdudu hasogei. Na tumbaku Mpanda si kitu cha kuhangaikia.

Nilipompelekea ujumbe, mume wangu alisimama wima.

"Mama amesema hivyo? Mwenyewe?"

Nikamwambia amesema mwenyewe. Alitabasamu siku nzima. Mende hawakurudi tena, ila meli ilinuka kama gunia la ugoro, na sebule nayo.

Basi mama akajipa ruhusa. Mkwe akiondoka tu, anatoka, anavuta kigoda, anakaa mbele ya meli. Alikuwa na haki ya kukaa. Ile meli aliijua kuliko alivyolijua kanisa lake. Ujana wake wote alifanya biashara ya dagaa, anapanda nayo Karema, anashukia Kigoma, au anateremka nayo kusini mpaka Mpulungu, na magunia yake. Siku ya kwanza aliitazama, akaizunguka kwa macho, kisha akaniuliza watu wanaingilia wapi. Kwenye mchoro hapakuwa na mlango wa ubavuni. Nilimwambia hii ilikuwa meli ya vita, labda mlango ulitobolewa baadaye. Akaniuliza askari walikuwa wanaingilia wapi, kwenye bomba la moshi?

Nikapeleka swali. Mume wangu alihangaika na mchoro jioni nzima, na kesho yake ubavu ukawa na mlango.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na mimi nikawa posta. Mama hakuweza kuacha neno, na mume wangu hakuweza kuuliza, kwa hiyo mama akabuni njia yake. Mahali penye kitu kilichosahaulika aliweka punje ya hindi. Mahali palipokosewa alichora mstari mdogo kwa mkaa. Mume wangu akirudi, anakohoa, mama anaingia ndani, na yeye anaenda moja kwa moja mezani kabla hata ya kunawa mikono, anahesabu punje. Akikuta punje haielewi, ananiita. Mimi nakwenda nyuma ya pazia namuuliza mama, na mama anajibu kwa sauti ambayo hata jirani anaisikia. Lakini mume wangu hawezi kusikia. Anasubiri nitoke, nirudie neno kwa neno, ndipo anatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari mpya. Kuna siku nilichoka nikawaambia nyie watu wawili mtaniua. Wote wawili walicheka, kila mmoja upande wake.

Kitu kimoja tu kiliwagonganisha, nacho ni mizinga. Mchoro ulikuwa na mzinga mkubwa mbele na mwingine nyuma. Mama akasema mizinga gani, pale mbele palikuwa panafungwa mbuzi. Mume wangu akaomba nimwambie mama, kwa heshima zote, kwamba manowari bila mizinga ni mtumbwi. Ujumbe huo ulikwenda na kurudi mpaka wali ukapoa. Mwishowe mama akakubali, ila akasema huyo bwana apaache wazi kushoto mwa mzinga, upana wa mkeka. Hapo palikuwa mahali pake pa kulala, na magunia, na mimi mgongoni.

Sikuwa nalijua hilo. Nilijua mama alisafiri, sikujua kwamba nilisafiri naye. Nikasahau kwamba natumwa, nikakaa chini pale chini ya pazia nikamuuliza. Akaeleza. Karema meli ilikuwa inasimama mbali majini, watu wanaifuata kwa mitumbwi, na ziwa likichafuka mtumbwi unapanda na kushuka pembeni mwa meli kiasi kwamba mguu ukiuweka vibaya umekwisha. Yeye alikuwa na gunia na mtoto. Ukimshika mtoto huwezi kushika kamba. Kwa hiyo mtumbwi ulipopanda juu, alinirusha. Alinirusha mikononi mwa mwanamume asiyemjua aliyekuwa ameinama pale mlangoni, mtumbwi ukashuka, ukapanda tena, naye akaruka. Alisema alifanya hivyo kila safari, na kila safari alikuwa anafumba macho.

 Nilipotoka kurudia habari ile, kama sheria yetu ilivyokuwa, nilianzia kwenye mtumbwi. Mume wangu alinipungia mkono kwamba nisirudie. Ndiyo mara ya kwanza alikiri kwamba anasikia. Aliinama akaanza kukata kimkeka cha karatasi, kidogo kama ukucha, akakiweka kushoto mwa mzinga.

Mpaka leo nikipita nyumba inayopikwa uji wa muhogo, moyo unarudi pale sebuleni. Nilikuwa na watu wangu wote wawili, mmoja kila upande wa pazia, na mimi katikati nalalamika. Sikujua kwamba nilikuwa na raha. Miguu ya mama ilinywea. Vidonge alikuwa anameza bila kugombezwa, kwa sababu asubuhi alitaka kuwahi kigoda chake. Na Jumapili moja tulitoka kanisani, tukafika nyumbani, tukala, na mama hakusema kwamba anaondoka. Iliyofuata hakusema tena. Nikajifanya sijaona, nikaogopa hata kuutazama ule mfuko wa nguo.

Kisha nikaanza kuona mambo ya ajabu. Mume wangu ni mtu wa kupima mara tatu. Akikata kipande cha mbao dukani, mteja anaweza kwenda kunywa chai akarudi. Lakini ghafla mikono yake ikawa ya mlevi. Ngazi ya kupandia kwa nahodha aliibandika juu chini. Bomba la moshi lililala mbele badala ya nyuma. Mama anachora mkaa, yeye anabandua, anarekebisha, na papo hapo anakosea kwingine. Nikamfuata dukani nikamuuliza kama macho yake yana shida. Akapanga misumari kwanza, ile ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Ikiisha, mama ataondoka," akasema.

Nilisimama pale katikati ya mifuko ya saruji nikamtazama huyo mwanamume. Siku ile nilimpenda upya, nasema wazi. Nilirudi nyumbani nikampikia kuku, na tangu hapo tukawa wawili. Kila jioni ananinong'oneza leo amekosea wapi, nami naomba Mungu mama aone. Na mama alikuwa anaona. Tuliipeleka meli hivyo miezi, mbele hatua moja, nyuma hatua moja, na jua la kiangazi likakaza mpaka nyasi za uani zikawa rangi ya mfuko wa saruji. Mimi kichwani mwangu nilishaamua kwamba ile meli haitaisha. Ningeweza kuishi hivyo mpaka nizeeke.

Lakini upepo ulipoanza kunukia mvua, miguu ya mama ikavimba tena. Hospitali wakaongeza kidonge, wakaongeza na kingine. Daktari aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba moyo ukichoka hivyo dawa inausaidia kubeba, haiufanyi mpya. Nilimwambia asante, nikamwambia mama kwamba daktari anasema anaendelea vizuri.  Mama akaanza kukaa kwenye kigoda muda mfupi. Punje za mahindi zikapungua. Siku moja mume wangu alirudi akakuta nanga aliyoipachika kinyume haina mkaa. Akaiacha. Kesho yake akageuza mzinga wa nyuma ukaelekea chumba cha nahodha, kosa la kuonekana na kipofu. Hakukuwa na mstari. Aliniuliza kama mama ametoka chumbani. Nikamwambia ametoka, amekaa, ameitazama meli, amerudi ndani.

Jumapili mchana nilikuwa kibarazani nashona sare za shule, mlango uko wazi. Mume wangu alikuwa mezani. Alikuwa amekohoa kama kawaida, mama alikuwa chumbani kama kawaida. Nikasikia fimbo. Nikageuka, nikaona pazia limefunguka na mama ametoka, kitenge kiko mabegani, kichwa kiko wazi.

Mume wangu aliruka kama aliyekanyaga moto. Akatafuta pa kupita, na mlangoni ndipo nilipokuwa mimi na cherehani. Akabaki amesimama, macho sakafuni, mikono nyuma. Mama alivuta kigoda chake polepole, akakaa, akapumua. Mimi nilikuwa nimeacha mguu juu ya kanyagio.

"Mkwe," akasema. "Niangalie."

Hakuangalia. Mama akangoja. Akamwambia tena, na safari hii alimwita mwanangu. Mume wangu akainua uso, taratibu, na wakatazamana. Mama alinyoosha kidole kwenye mzinga, akasema huu umeugeuza makusudi. Akakipeleka kwenye nanga, akasema na hii pia. Akasema alijua tangu siku ile ya ngazi juu chini, ila aliona vizuri kubembelezwa, akajikalia.

"Umenitunza. Hakuna kitu sikupata kwako. Sasa imalize, mwanangu, nataka kwenda nyumbani."

Mume wangu alikuwa analia bila sauti. "Ndiyo, mayu," akasema. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita hivyo mtu mwingine zaidi ya mama yake mzazi.

Na alimaliza. Wiki haikuisha. Alirudi mapema dukani, hakukohoa, na mama alikuwa anabaki pale pale kwenye kigoda chake anamwonyesha kwa kidole huku na huku. Nanga ikageuzwa. Mzinga ukageuzwa. Minyororo, kamba, mitumbwi midogo ya kuokolea watu, kila kitu kikaenda mahali pake, na ilikuwa nzuri, sitasema uongo, ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu wa mtaani walikuja kuchungulia mlangoni. Mimi sikutaka kuiona. Nilikuwa nimefura. Nilimwaga uji wake wa gundi uani, akapika mwingine mwenyewe. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mumewe. Nilimwambia kwamba mama si wake, ndiyo maana anaweza kumruhusu akafe; kwamba angekuwa mama yake mzazi angeendelea kukosea mpaka mwisho wa dunia. Yeye alikuwa anapaka rangi bomba la moshi kwa unyoya wa kuku. Aliuweka unyoya chini.

"Ameniomba mwenyewe, mke wangu. Miaka yote hii hajawahi kuniomba kitu. Sasa kaniomba kimoja. Ningemnyimaje?"

 Nilikwenda kulala kwenye kitanda cha mama, nikamkumbatia kama mtoto. Aliniuliza kama mkwe wake amekula. Ndiyo lilikuwa swali lake.

Asubuhi ya safari tulikodi gari. Meli mama hakuichukua. Alisema ya kwake anaijua, hii ikae na mwenyewe aliyeihangaikia. Mpaka leo iko dukani, juu ya rafu ya rangi, na wateja wanataka kuishika. Mimi na dereva tulimshika mama mikono huku na huku tumtoe nje, lakini miguu ilikataa kizingitini. Tukamshusha kwenye kiti. Nikaanza kumtafuta jirani mwenye nguvu. Mama akasema nimwache jirani na kazi zake, mkwe yupo.

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya ua, mbali, kama sheria inavyotaka. Alinitazama mimi, si mama, kama anayeuliza ruhusa. Nikatikisa kichwa kwamba njoo. Akaja, akainama, akamwinua. Mama alimzungushia mkono shingoni. Barabarani watu walisimama, na bibi mmoja wa Kisukuma anayeuza karanga pale kwenye kona alijifunika uso kwa khanga ili asione. Mume wangu alipita katikati yao akiwa amembeba mama mkwe wake kifuani mchana kweupe, anatembea polepole kuliko ilivyohitajika, akamweka kwenye gari.

Nilifikiri nitakaa nyuma na mama. Mama akasema nikae mbele, huko nyuma anataka mtu wa kumwegemea asiyemlilia. Kwa hiyo walikaa wao wawili. Barabara ya Karema ilikuwa na mashimo yake, mume wangu amemzungushia mkono asigonge dirisha, na waliongea. Waliongea njia nzima. Mimi niliyebeba kila neno lao tangu nilipoolewa nilikuwa kiti cha mbele, na kwa ngurumo ya injini sikusikia hata moja. Niliona tu kwenye kioo cha dereva mama anacheka, mume wangu anauliza kitu, mama anaonyesha kwa mikono ukubwa wa kitu fulani. Nimemuuliza mara nyingi walikuwa wanaongea nini. Anasema mambo ya kawaida tu.

Mama alikaa nyumbani kwake mpaka mahindi yakabeba. Nilikuwa nakwenda na kurudi, na vidonge alikuwa anavimeza nikiwepo. Alifariki mchana, mlango ukiwa wazi.

Msibani watu walinong'ona kuhusu mume wangu. Mkwe anatakiwa akae pembeni na wanaume, ashughulikie kuni na jeneza, alie kwa adabu kama ni lazima. Yeye alikaa chini kwenye udongo akalia kwa sauti, hakuna aliyeweza kumnyamazisha, na shangazi zangu wakaja kuniuliza huyu Msukuma wangu ana nini, mbona analia kuliko mtoto wa marehemu. Mimi sikumshangaa. Mimi nilikuwa na mama maisha yangu yote. Yeye ndiyo kwanza alikuwa amempata.